Anwani Isiyo na Ruta

Kazi yangu ni kufunga mitandao ya shule na ofisi ndogo hapa Sumbawanga. Ofisi moja ninayoihudumia Milanzi ina ruta mbili kabatini: moja ni 192.168.10.2, nyingine .3. Kompyuta zote zimeelezwa kuwa lango la kutokea ni .1. Hiyo .1 si mali ya ruta yoyote; huishika ile iliyo hai, na kompyuta haijui kama kuna mabadiliko.

Haikuwa hivyo tangu zamani. Kompyuta ilipewa lango moja, na likifa, imekwama. Septemba 1991 ulichapishwa utaratibu wa kuzifanya kompyuta zisikilize matangazo ya ruta na kuchagua zenyewe. Kasoro yake ni kwamba, kwa mpangilio wa kawaida, kompyuta ingeweza kuiamini ruta iliyokufa kwa hadi nusu saa. Nusu saa ni muda mrefu sana kwa mtu aliyepanga foleni dirishani.

Kampuni ya Cisco, watengenezaji wa ruta, wakaupindua mtazamo: kompyuta iachwe na ujinga wake, ruta ndizo zipeane zamu. Utaratibu wao, HSRP, ulichapishwa Machi 1998, Tony Li akiwa miongoni mwa waandishi. Mwezi uliofuata ikatoka VRRP, iliyokusudiwa ruta za kampuni yoyote. Ruta kuu hutangaza kila sekunde kwamba ipo. Msaidizi mwenye kipaumbele 100 akikosa kusikia kwa sekunde tatu na nusu hivi, anaishika anwani.

Cisco walidai hataza yao inaigusa hata VRRP. Watu wa OpenBSD, mfumo huria wa kompyuta, wakakasirika, wakaandika ya kwao, CARP, iliyotoka kwenye toleo la 3.5 mwezi Mei 2004 pamoja na wimbo wa kejeli. Waliomba namba rasmi ya itifaki wakanyimwa, wakajichukulia 112, namba ya VRRP. Ndiyo maana hadi leo ukiziweka zote mbili kwenye swichi moja, na namba ya kundi ikafanana, zinagombana.

Swali ninalolipenda zaidi ni hili: ruta kuu ikifufuka, irudishiwe kiti? VRRP kwa kawaida husema ndiyo. HSRP husema hapana, mpaka uiamuru. Milanzi wanalijua jambo hili kabla ya Cisco. Katika simulizi la Wafipa, wenyeji wa huku, ambalo Roy Willis alilichambua katika kitabu chake cha 1981, Ntatakwa, mtemi wa kwanza, alikuwa mawindoni wanawake wageni wa ukoo wa Watwa walipofika na kukabidhiwa kiti na mkewe. Aliporudi hakukirudia; alibaki Milanzi na mamlaka ya matambiko. Mimi namfuata Ntatakwa. Umeme ukicheza, ruta inayowaka na kuzima mara tano ikidai kiti kila mara huwasumbua watu kuliko iliyokufa moja kwa moja.

Kwa watu wa bajeti ndogo, nadhani kilicholeta haya karibu ni ruta za MikroTik kutoka Latvia, zenye VRRP ndani bila leseni ya ziada. Na intaneti yenyewe ilibidi iwepo: waya wa baharini wa SEACOM ulifika Dar Julai 2009, wa EASSy mwaka uliofuata, na Mkongo wa Taifa ukaichukua kuelekea bara.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya hizo mbili za baharini zilikatika. Ubalozi wa Marekani Dar ulifunga milango kwa umma siku mbili. Milanzi ruta zangu zote zilikuwa nzima, .1 ipo mahali pake, kurasa hazifunguki. VRRP humjua jirani tu. Barabara iliyo mbele haiijui.

Kwa hiyo sasa ruta kuu huchungulia anwani ya mbali, na ikikosa jibu huacha kujitangaza, kiti kikashikwa na msaidizi, ambaye ana laini ya kampuni nyingine. Hilo husaidia faiba ikikatwa huku bara. Bahari ni habari nyingine. Kila ruta ina betri yake, maana Sumbawanga kwa miaka mingi imetegemea umeme wa Zambia. Ama radi, watu wa Dar husema za kwetu hutumwa na watu. Zote nilizokutana nazo zilipitia waya wa antena, kwa hiyo msaidizi nimemfunga ukuta wa pili, na waya wake wa ardhini peke yake.