Sementamu: Tabaka Linaloshikilia Jino

Sementamu ni tabaka jembamba la rangi ya manjano hafifu linalofunika mzizi wa jino, kuanzia shingoni enameli inapoishia hadi kwenye ncha. Karibu na shingo, unene wake ni mikroni 20 hadi 50 tu. Nchani hufika 150 hadi 200. Takriban nusu yake ni madini, na iliyobaki ni kolajeni na maji, kwa hiyo ni laini kuliko dentini iliyo chini yake. Haina mishipa ya damu wala ya fahamu. Kazi yake kubwa ni kushikilia. Nyuzi za kolajeni zinazotoka kwenye mfupa wa taya huzama ndani yake, jino likaning'inia katika tundu lake bila kugandamana na mfupa. Hata jino liwe na enameli imara kiasi gani, halidumu kinywani likikosa tabaka hili.

Wataalamu walilifahamu kwanza kwa wanyama. Kwa farasi, ng'ombe na tembo, sementamu haikomei mzizini, bali hupanda hadi juu na kujaza mianya kati ya kingo za enameli. Gego la tembo ni safu ya mabamba yaliyounganishwa nayo, na sementamu hiyo ni nene kiasi cha kuonekana kwa macho matupu. Robert Blake aliieleza katika tasnifu yake ya udaktari huko Edinburgh mwaka 1798. Jina lake, linaloifananisha na saruji, lilitokana na mtaalamu wa wanyama wa Paris, Georges Cuvier. Kwa binadamu, ambaye sementamu yake ni nyembamba kama utando, ilihitajika hadubini nzuri.

Hadubini hiyo ilikuwapo Breslau, katika maabara ya Jan Purkinje. Vipande vya jino vilisagwa mpaka vikapitisha mwanga, kisha vikawekwa chini ya lenzi. Mwaka 1835 wanafunzi wake wawili, Meyer Fränkel na Isaac Raschkow, walitoa tasnifu zilizoonyesha kwamba mzizi wa jino la binadamu nao una ganda lake. Muda mfupi baadaye Anders Retzius wa Stockholm alieleza jambo hilo hilo. Karibu na ncha ya mzizi vilionekana vijishimo vidogo vyenye matawi, mfano wa vile vya mfupa: ndimo zinamokaa seli zilizozingirwa na tabaka zilipokuwa zikilijenga. Kuelekea shingoni vijishimo havipo. Mgawanyo huo, wa sementamu isiyo na seli na ile yenye seli, unatumika hadi leo. Sehemu isiyo na seli ndiyo inayobeba nyuzi nyingi zaidi, na ndiyo nguzo halisi ya jino.

Kufanana huko na mfupa kuliwafanya wengi waichukulie sementamu kuwa mfupa wa aina nyingine. Tofauti yake ni kubwa. Mfupa huvunjwa na kujengwa upya maisha yote, lakini sementamu kwa kawaida huongezwa tu. Mafanikio ya kupanga meno kwa waya yanategemea tofauti hiyo: jino likisukumwa, mfupa ulio mbele yake huliwa na kulipisha, na mzizi kwa sehemu kubwa hubaki salama.

Huko Chicago, mwaka 1887, Greene Vardiman Black alichapisha kitabu juu ya utando unaozunguka mzizi, akafuatilia jinsi nyuzi zinavyoingia kwenye sementamu. Baada yake Bernhard Gottlieb wa Vienna, aliyelazimika kuikimbia Austria ya Wanazi na kumalizia kazi yake Dallas, alisisitiza kwamba tabaka hili hukua bila kukoma na kwamba likidhoofika, ufizi huachana na jino. Hoja yake ya kuona chanzo cha ugonjwa wa fizi ndani ya sementamu haikudumu, maana lawama ilikuja kuangukia bakteria wa ukoga. Kuhusu ukuaji, alikuwa sahihi. Mwaka 1958 Zander na Hürzeler walipima meno ya watu wa rika mbalimbali, wakakuta unene huongezeka takriban mara tatu kati ya ujana na uzee.

Kwa kuwa tabaka huongezwa na halifutwi, lina kumbukumbu. Likikatwa wembamba na kuangaliwa kwa hadubini, huonyesha mistari ya kiza na nuru ikipishana kama pete za shina la mti. Mwaka 1959 Sergeant na Pimlott walisoma umri wa moose, kulungu wakubwa wa Kanada, kwenye meno yao ya mbele. Kule majira ya baridi na joto yameachana wazi. Kwenye ikweta kazi ni ngumu zaidi: je, mnyama anayepitia masika na vuli huandika mstari mmoja kwa mwaka au miwili? Clive Spinage, aliyewachunguza kuro nchini Uganda miaka ya 1960, alilishughulikia suala hilo kwa wanyama wa Afrika.

Katika kliniki, sementamu ilionewa kwa muda mrefu. Madaktari waliamini kwamba ikiguswa na ukoga hujaa sumu ya bakteria, hivyo mzizi ukakwanguliwa mpaka uwe laini kama kioo, na kila ziara ikaondoa sehemu ya nanga yenyewe. Majaribio ya miaka ya 1980 yalionyesha kwamba sumu hiyo imeshika juujuu tu, na kwamba sehemu yake kubwa hutoka kwa kuoshwa na kusuguliwa kwa brashi. Siku hizi hukwanguliwa ukoga uliogandamana, na sementamu huachwa kadiri inavyowezekana.

Iliyokwisha kupotea ni vigumu kuirudisha. Mwaka 1982 Sture Nyman na wenzake huko Göteborg waliweka kizuizi chembamba kati ya ufizi na mzizi wa jino la mgonjwa mmoja, ili seli za utando wa mzizi zipate nafasi ya kufika kwanza. Sementamu mpya iliota, ikiwa na nyuzi zilizozama ndani yake. Njia hiyo imeendelezwa tangu hapo, ingawa inafaa zaidi penye shimo jembamba la mfupa kuliko pale mzizi ulipokwisha kuvuliwa pande zote.