Nyumba ya Mama Lillian, Assiut: Tangu 1911

Tarehe 10 Februari 1911, msichana wa Kimarekani mwenye umri wa miaka 23 alipanga nyumba ndogo katika mji wa Assiut, kusini mwa Misri, kwa kodi ya dola 12 na nusu kwa mwezi. Alikuwa na kitoto kichanga kimoja cha kulea. Hakuwa na mshahara, hapakuwa na kanisa lililoahidi kumtumia fedha kila mwezi, na Kiarabu chake kilikuwa bado cha kuombea maji. Siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa nyumba ya mayatima ya Lillian Trasher. Nyumba hiyo imeziona nyakati za Khedivu, za Waingereza, za wafalme na za marais, na haikufungwa.

Lillian alizaliwa Jacksonville, Florida, tarehe 27 Septemba 1887, akakulia Brunswick, Georgia. Kazi yenyewe hakujifunzia Misri. Kabla ya kuvuka bahari aliwahi kutumika katika nyumba ya mayatima ya Mattie Perry, huko Marion, North Carolina. Bibi Perry hakuwa na fungu la fedha la kudumu; aliomba Mungu, akapokea kilichokuja, akakipika. Msichana aliyefika pale akijua kushona kidogo aliondoka akijua kukata nguo za watoto wengi kutoka katika jora moja, kuuguza surua, na kulala akiwa hajui kesho watakula nini. Wanaosimulia maisha yake hupenda kuirukia Misri haraka. Mimi naona bila Marion hakuna Assiut.

Mwaka 1910 alikuwa amechumbiwa na mchungaji kijana, na harusi ilikuwa imebakiza siku kumi. Alikwenda kumsikiliza mmisionari aliyetoka India, akatoka kwenye ibada ile akiwa na hakika kwamba Mungu anamtuma Afrika. Mchumba hakuwa na wito huo. Lillian akauvunja uchumba. Tarehe 8 Oktoba mwaka huohuo akapanda meli pamoja na dada yake Jennie, na katika safari ile akafungua Biblia yake, macho yakaangukia Matendo ya Mitume sura ya 7, pale Stefano anaposimulia jinsi Mungu alivyoyaona mateso ya watu wake walioko Misri na kumtuma Musa. Mwezi Oktoba ulikuwa haujaisha walipotia nanga Aleksandria, na kutoka hapo akaelekea Assiut, kwenye kituo kidogo cha misheni.

Assiut haukuwa mji mgeni kwa Injili. Wakristo wa Kikopti waliishi huko karne nyingi kabla Marekani haijawa na jina, na Wapresbiteri wa Marekani walikuwa wamekwisha jenga chuo tangu 1865, pamoja na shule ya wasichana na hospitali. Palikuwa na reli, na lile boma kubwa la kuzuia maji ya Nile lililokamilika mwaka 1902, na matajiri wa pamba wenye majumba ya ghorofa kando ya mto. Lakini vijijini, mama akifa baada ya kujifungua, kitoto nacho mara nyingi kilimfuata. Asipopatikana jirani wa kukinyonyesha, kilipewa maziwa ya nyati au ya mbuzi katika chombo chochote kilichokuwapo, na katika joto la kule maziwa hayakai. Mjane aliyeolewa tena aliweza kuambiwa na mume mpya kwamba watoto wa mtu mwingine hawaingii nyumbani mwake. Inzi walieneza trakoma, na watoto wakapofuka. Misheni zilikuwa na shule za wenye wazazi. Kwa asiye na mzazi hapakuwa na mlango.

Miezi mitatu hivi baada ya kufika, usiku, Lillian aliitwa kwenye kitanda cha mwanamke aliyekuwa akifa. Kando yake palikuwa na kichanga cha kike kikijaribu kunyonya maziwa yaliyoganda na kugeuka kijani ndani ya kopo la bati. Mwanamke alikata roho, na mtoto akakabidhiwa kwa yule mgeni mweupe aliyesimama mlangoni. Lillian alimchukua, akampa jina Fareida. Mtoto aliyedhoofu kiasi kile hana subira: alilia usiku wa kwanza, wa pili, siku kumi na zaidi, na nyumba nzima ya misheni haikulala. Hatimaye akaambiwa amrudishe alikomtoa.

Tusiwahukumu upesi waliosema hivyo. Walikuwa na kazi yao, walikuwa wachache, na hawakuja Misri kulea vichanga. Lakini hapo njia zilitengana. Kumrudisha Fareida kulikuwa kumrudisha kwenye lile kopo. Lillian akafunga mizigo, akatafuta nyumba ya kupanga, akatumia akiba yake ndogo kununua vyombo, na akaingia na mtoto. Watu wa Assiut walistaajabu: msichana asiye na mume wala ndugu wa kiume anakaa na mtoto asiye wake! Katika mji ule jambo hilo lilihitaji maelezo, na maelezo yenyewe hakuwa na Kiarabu cha kuyatolea. Yalitolewa na kazi. Kabla mwaka haujazunguka watoto wengine walikuwa wamekwisha letwa mlangoni.

Mchango wa kwanza wa fedha unaokumbukwa ni senti 35, na aliyezitoa alikuwa kijana wa kupeleka simu za maandishi. Mimi huutaja mchango huo kabla ya mingine yote, maana unaonyesha nyumba hii ilisimama juu ya nini. Watu wengi hudhani misheni iliyoanzishwa na Mmarekani ililishwa na Marekani. Fedha za Marekani zilikuja, ndiyo, na zilisaidia sana, hasa baada ya 1919 Lillian alipojiunga na Assemblies of God, kanisa ambalo wasomaji wa Afrika Mashariki wanalijua vizuri. Lakini miaka ile ya mwanzo chakula kilitoka vijijini. Lillian alipanda punda akazunguka kijiji hadi kijiji, akabisha hodi kwa matajiri na kwa wakulima, akaomba. Kule alipewa ngano, kwingine maharage, kwingine sarafu mbili tatu. Walitoa Wakopti, wakatoa Waislamu, kwa kuwa haki ya yatima ni jambo ambalo dini zote mbili zimelifundisha bonde lile kwa karne nyingi. Msichana aliyelelewa Georgia akawa mwombaji wa barabarani Misri, na hakuona aibu.

Hapa ndipo ninapoiona imani yake ilivyokuwa. Wapo wanaomsimulia kama mtu aliyepiga magoti jikoni, sufuria ikajaa. Aliomba, na aliamini kwa moyo wake wote kwamba Mungu hujibu. Barua zake kwa marafiki zimejaa siku ambazo asubuhi hapakuwa na kitu na jioni watoto walilala wameshiba. Lakini kati ya asubuhi na jioni palikuwa na punda, jua na vumbi. Alisali kama mtu ambaye kila kitu kinamtegemea Mungu, kisha akatoka kama mtu aliyetumwa kwenda kukichukua. Wala hakuwahi kuweka idadi ya mwisho ya watoto. Aliyebisha hodi alipokewa, hata siku ambayo hesabu ilikataa. Mhasibu yeyote angemkataza, na kwa sheria za hesabu angekuwa na haki. Nyumba hii ilikua kwa sababu alilikataa neno hilo moja, kwamba nafasi imejaa.

Kufikia 1916 watoto walikuwa kama 50 na nyumba ya kupanga haikutosha tena. Akanunua kiwanja ng'ambo ya mto, ukingo wa mashariki, ambako ardhi ilikuwa rahisi. Fedha za mafundi hazikuwapo, basi yeye na wavulana wakubwa wakafyatua matofali, wakayachoma, wakajenga. Vyumba vya kwanza vya kituo vilipandishwa na wale waliokuja kulala ndani yake, na desturi hiyo ikaendelea kila kilipoongezwa kitu.

Machi 1919 Misri iliwaka. Waingereza walikuwa wamemkamata Saad Zaghloul, kiongozi wa waliodai uhuru wa Misri, na kumpeleka uhamishoni, na watu wakaingia barabarani tangu Kairo hadi Assiut. Kusini mapambano yalikuwa makali, na risasi zilivuma mpaka karibu na kituo, ambacho sasa kilikuwa na watoto kama 100. Lillian aliwaficha katika tanuri kuukuu la kuchomea matofali hadi hatari ikapungua. Baadaye wakuu wa Kiingereza walimtaka aondoke nchini. Aliondoka akinung'unika, akapita katika makanisa ya Marekani kuzieleza habari za watoto wake, na mwaka 1920 akarudi.

Miaka ya 1920 ndiyo iliyokipa kituo umbo lake. Kufikia 1923 waliokuwa wakila hapo walikaribia 300, na si watoto peke yao. Wajane walipokewa pamoja na watoto wao, jambo ambalo nyumba nyingi za mayatima za wakati ule hazikulifanya. Mama hakulazimika kumwacha mwanawe ndipo mwana apate chakula. Wanawake vipofu nao walipata makao. Msichana mkubwa alikabidhiwa kundi la wadogo awaogeshe na kuwalaza. Wajane walioka mikate. Wavulana walijifunza useremala na kutengeneza samani. Wasichana walishona na kufuma. Shule ilikuwa ndani, kanisa ndani. Mwaka 1927 ulikuja uamsho mkubwa wa kiroho, watoto kwa wakubwa wakisali na kutubu kwa siku nyingi, na Lillian aliuhesabu kuwa miongoni mwa siku bora za maisha yake. Hakuficha kamwe kwamba alitaka watoto wake wamjue Kristo.

Na jambo hilo ndilo lililoleta mtihani mzito kuliko njaa. Juni 1933, mjini Port Said, Turkiyya Hasan, msichana Muislamu, alipigwa katika nyumba ya wamisionari wa Kiswidi, na habari zikaenea kwamba kosa lake lilikuwa kukataa kubadili dini. Magazeti ya Misri yaliwaka moto. Serikali ikaanza kukagua vituo vya wageni, na Assiut haikusazwa: makumi ya watoto Waislamu waliondolewa katika nyumba ya Lillian. Wengine alikuwa amewalea tangu uchanga, hawakumjua mama mwingine. Aliumia, na aliandika kwamba ameumia.

Mimi ni Mkristo, na nampenda mwanamke huyu. Lakini siwezi kuiandika habari hii kana kwamba waliowachukua watoto walikuwa waovu. Jamii ya Kiislamu ilikuwa na haki ya kuuliza watoto wake wanakuzwa katika dini gani, na mtoto wa miaka mitatu hawezi kujibu swali hilo. Uchungu wa mlezi ulikuwa wa kweli, na dai la jamii lilikuwa la kweli. Kilichofuata ni kizuri. Serikali na vyama vya Kiislamu, wakiwamo Ndugu Waislamu waliokuwa wameanza Ismailia mwaka 1928, walifungua nyumba zao za mayatima. Watoto ambao zamani hawakuwa na mlango hata mmoja wakawa na mingi. Na Lillian hakuondoka. Alibaki na waliobaki, na nyumba ikajaa upya.

Mwaka 1939 mwandishi Jerome Beatty alimwandika katika jarida moja la Marekani chini ya jina la Mama wa Nile, na jina hilo likaganda. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikafunga njia za fedha. Kisha meli ya Msalaba Mwekundu iliyokuwa ikielekea Ugiriki ikalazimika kugeuzia Aleksandria, kwa kuwa Ugiriki ilikuwa imekwisha tekwa, na nguo, mablanketi na chakula chake kwa wingi vikaishia Assiut.

Yalipokuja mapinduzi ya 1952 yaliyomwondoa mfalme, wageni wengi walihofia nafasi yao. Rais Gamal Abdel Nasser asili ya ukoo wake ilikuwa Beni Murr, kijiji cha mkoa huohuo wa Assiut, na serikali yake, ambayo haikuwa na huruma nyingi kwa mambo ya kikoloni, ilikiacha kituo kiendelee. Nasser mwenyewe alimwandikia Lillian barua ya kuishukuru kazi yake kwa mayatima. Kwa watu wa mji alikuwa Mama Lillian tu, bibi mnene mwenye mvi anayeongea Kiarabu cha Kusini.

Alifariki Assiut tarehe 17 Desemba 1961, akiwa na miaka 74, akazikwa palepale. Nyumba aliyoianza na kichanga kimoja ilikuwa na watu wapatao 1,200, na maelfu walikuwa wamekwisha pita, wakatoka wakiwa waalimu, mafundi, wachungaji, makarani na akina mama wenye nyumba zao. Kanisa la Episkopali la Marekani limemweka katika kalenda yake ya kumbukumbu, Desemba 19.

Vituo vingi vilivyobebwa na mtu mmoja huanguka mtu huyo akiondoka. Hiki kilikuwa kimekwisha pata wabebaji, kwa kuwa tangu mwanzo wakubwa walilea wadogo: kazi yote ya nyumba, kuanzia unga hadi mahesabu, ilikuwa mikononi mwa waliokulia humo. Wamisionari wengine walikuja kusaidia, na hatua kwa hatua uongozi ukawa wa Wamisri wenyewe. Tarehe 10 Februari 2011 nyumba ilitimiza miaka 100, viwanja vya miji ya Misri vikiwa vimefurika waandamanaji; kesho yake Rais Hosni Mubarak aliachia madaraka. Serikali ilibadilika, na baadaye ikabadilika tena. Kituo bado kiko ukingo ule wa mashariki wa Nile, kina shule na kanisa lake, na kinaendelea kupokea watoto.