Walipouza Aiskrimu Ili Bia Isife

Ukiingia baa mjini Philadelphia ukaagiza "lager", mhudumu hatakuuliza lager gani. Atakuletea Yuengling. Sisi huku tumezoea kinyume chake: sabuni ya unga iwe ya kampuni gani, dukani tunaomba Omo. Kule neno la wote limekuwa mali ya mmoja.

Bia hiyo inatoka Pottsville, mji mdogo wa milimani katika jimbo la Pennsylvania, na kiwanda chake kimekuwepo tangu 1829. Hakuna kiwanda cha bia Marekani kilichoishi miaka mingi kukishinda. Ya kale ni dhahabu, tumeambiwa tangu shule ya msingi. Basi hebu tuangalie hesabu. Mwaka wa 1873 Marekani ilikuwa na viwanda vya bia zaidi ya 4,000. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 vilikuwa havifiki 100. Vingi kati ya vilivyokufa vilikuwa vya kale pia, vyenye bia nzuri na wateja waliovipenda. Kwa hivyo uzee peke yake haukumwokoa mtu. Kwani Pottsville walifanya nini?

Tuanze na kwa nini viwanda vilikuwa vingi hivyo. Bia ya zamani ilikuwa haisafiri. Ilibebwa kwa mapipa juu ya mikokoteni ya farasi, na jua likiizidi inachacha. Kwa hiyo kila mji ulipika yake, na wapishi wengi walikuwa wahamiaji wa Kijerumani. David Yuengling alikuwa mmoja wao, mtu wa Württemberg. Kiwanda chake cha kwanza kiliteketea kwa moto 1831, akajenga kingine kwenye mteremko wa mlima, barabara ya Mahantongo. Mlima huo ulikuwa na kazi. Bia, hasa lager, inataka baridi: hamira yake hufanya kazi polepole kwenye ubaridi, kisha bia inalazwa wiki kadhaa kabla ya kunyweka. Friji hazikuwepo. Wafanyakazi wakachimba mahandaki kwa mikono ndani ya mwamba, mahali ambapo baridi haibadiliki kiangazi wala masika. Na wanywaji nao walikuwa wachimbaji, watu wa migodi ya makaa ya mawe waliotoka chini ya ardhi na koo limejaa vumbi.

Kisha ikaja reli. Yakaja mabehewa yenye barafu, na ujuzi wa kuchemsha bia kidogo ikiwa ndani ya chupa ili isiharibike. Ghafla bia ya Milwaukee au St. Louis iliweza kuuzwa mamia ya maili kutoka nyumbani, na viwanda vidogo vikaanza kufunga. Hiyo ilikuwa pigo la kwanza. La pili lilitoka bungeni.

Wapinga pombe walikuwa wamepiga kelele kwa miongo mingi, lakini Vita vya Kwanza vya Dunia viliwapa upepo: chochote cha Kijerumani kilitiliwa shaka, na bia ilikuwa na majina ya Kijerumani kila upande. Tarehe 17 Januari 1920 marufuku ikaanza kutumika nchi nzima, ikiwa imeandikwa ndani ya Katiba yenyewe. Kinywaji chenye kilevi cha zaidi ya asilimia 0.5 hakikuruhusiwa. Hebu jiweke hapo. Una matangi, una mashine, una watu wanaojua kazi moja tu, na serikali imesema kazi hiyo ni uhalifu. Hakuna aliyejua kwamba marufuku ingedumu karibu miaka 14. Ilivyoonekana, ilikuwa ya milele.

Familia ya Yuengling ilivuka barabara ikafungua kiwanda cha maziwa, ikaanza kuuza aiskrimu. Si utani. Ukifikiria vizuri, ina mantiki: mtu wa bia tayari anajua mambo ya ubaridi, usafi wa vyombo na kusambaza mzigo kabla haujaharibika. Kule Colorado, Coors waliendelea na vyombo vya kauri na maziwa ya kimea. Kule New Ulm, Minnesota, familia ya Schell, ambayo imekuwa ikipika bia tangu 1860, ilihamia kwenye soda na peremende.

Wengi pia walitengeneza "bia" isiyolewesha. Watu waliicheka, lakini hapo ndipo palipokuwa na siri. Ili kupata kinywaji hicho, mara nyingi ulipika bia halisi, kisha ukakiondoa kilevi. Maana yake matangi yaliendelea kujaa, hamira iliendelea kuishi, na wapishi hawakusahau kazi. Tarehe 7 Aprili 1933 serikali iliporuhusu bia nyepesi, waliokuwa wamefunga milango walihitaji kuanza upya, lakini waliokuwa wakidharauliwa kwa kuuza bia ya uongo walihitaji tu kuacha kuiondolea kilevi. Yuengling wakatoa bia waliyoiita Winner, yaani Mshindi, na wakampelekea Rais Roosevelt lori zima. Desemba mwaka huo marufuku ikafutwa kabisa.

Pigo la tatu halikuwa na sheria wala polisi. Lilikuwa televisheni. Baada ya Vita vya Pili, kampuni kubwa ziliweza kutangaza bia moja kwa nchi nzima na kushusha bei hadi wadogo wakakosa pumzi. Hata ukubwa haukuwa kinga. Schlitz ya Milwaukee, iliyowahi kuongoza Marekani nzima kwa mauzo, ilijaribu kubana gharama kwa kupika haraka na kwa viungo rahisi. Wanywaji wakagundua. Kufikia 1981 kiwanda chake cha Milwaukee kilikuwa kimefungwa, na mwaka uliofuata Stroh ya Detroit ikainunua kampuni.

Wakati huo Pottsville ilikuwa ikijikokota. Dick Yuengling, wa kizazi cha tano, alikuwa amegombana na baba yake juu ya kuboresha kiwanda, akaondoka, akawa msambazaji wa bia. Mwaka wa 1985 alirudi akakinunua. Nasema akakinunua, kwa sababu katika familia hiyo kiwanda hakirithiwi bure: mtoto anayekitaka anamlipa mzazi wake. Ukitoa hela yako mwenyewe, huwezi kusema uliachiwa mzigo. Miaka miwili baadaye akairudisha lager sokoni, ile inayoagizwa Philadelphia bila jina. Stroh waliomeza Schlitz walipovunjika 1999, ni Yuengling waliochukua kiwanda chao cha Tampa, Florida.

Linganisha na Anchor ya San Francisco. Mwaka wa 1965 kijana Fritz Maytag aliiokoa ikikaribia kufa, na ufufuo wake ukawatia moyo wapishi wengi wadogo waliokuja baadaye. Alipochoka akaiuza, 2010. Mwaka wa 2017 ikaingia mikononi mwa Sapporo ya Japani, na Julai 2023 ikatangazwa kufungwa. Wafanyakazi walijaribu kuchanga wainunue wenyewe. Hawakufaulu, mwaka uliofuata ilinunuliwa na bilionea wa maziwa ya mtindi. Au tazama Leinenkugel's ya Wisconsin, ya tangu 1867, iliyouzwa kwa Miller 1988. Mwishoni mwa 2024 kampuni mama ilitangaza kufunga kiwanda cha asili cha Chippewa Falls. Jina bado liko kwenye chupa. Ni mji tu ndio umetoka.

Sisemi familia ni malaika. Mwaka wa 2006 chama cha Teamsters kilipoteza nafasi yake Pottsville, kikawaomba watu wasusie bia hiyo. Mwaka wa 2016 Dick alimuunga mkono Trump hadharani, na wanywaji kadhaa wakaapa kutoigusa tena. Kiwanda kikiwa cha mtu mmoja, kinabeba pia tabia na misimamo yake. Lakini angalau mtu wa kulaumiwa anajulikana, na anaishi mjini hapo hapo.

Binti zake wanne sasa wako kazini, kizazi cha sita. Wageni nao bado hupelekwa ndani ya mlima kuona mahandaki. Humo kuna mabaki ya ukuta wa matofali, uliojengwa na maafisa wa serikali wakati wa marufuku ili pango lisitumike. Familia ilivunja njia ya kupita, sehemu iliyobaki ikaiacha pale pale.