Kitabu cha Ptolemaios na Mto wa Kisangani

Sisi tunaokaa Kapalata, mjini Kisangani, twajua vema ya kuwa mto wetu wateremka hata bahari ya Atlantiki. Kila mtoto wa shule hujibu hivyo bila kufikiri. Lakini, wasomaji wapendwa, yupo msafiri hodari aliyekufa akitumaini ya kwamba maji haya ndiyo ya mto Nili, na kosa lake kwa sehemu latoka katika hesabu za Myunani mmoja wa kale.

Huyo ni Klaudios Ptolemaios, aliyekaa Aleksandria ya Misri katika karne ya 2. Kitabu chake cha Jiografia si hadithi za safari, bali ni kazi ya hesabu. Chafundisha namna ya kuichora dunia iliyo mviringo juu ya karatasi bapa, kisha chataja mahali karibu 8,000, kila mahali na digrii zake. Nyingi hakuzipima mwenyewe. Kwa pwani ya mashariki alitegemea habari za mabaharia, kama Diogenes, aliyesukumwa siku 25 na upepo wa kaskazini hata karibu na Rhapta, bandari inayodhaniwa kuwa katika Tanzania ya leo. Basi akaandika ya kuwa Nili watoka katika maziwa yanayopokea theluji ya Milima ya Mwezi, digrii 12 na nusu kusini ya ikweta.

Kitabu hiki kilinakiliwa kwa mkono karne nyingi. Mwaka 1475 kilipigwa chapa Vicenza, Italia, kwa Kilatini, bila ramani. Kisha Bologna, pamoja na ramani 26 zilizochorwa katika bamba za shaba. Toleo la Bologna ni adimu mno, tena lachekesha: lasema lilipigwa chapa mwaka 1462, na kumbe kitabu cha kwanza kupigwa chapa mjini humo ni cha mwaka 1471! Wataalamu wasema ni 1477. Waliopanga digrii za dunia nzima walikosea tarehe yao wenyewe. Nakala zilikuwa 500. Kosa la mwenye kunakili hukaa katika kitabu kimoja. Kosa la chapa husafiri na vitabu vyote.

Milima ya Mwezi nayo ikasafiri hivyo, ramani kwa ramani. Mwaka 1868 David Livingstone, akiwa karibu na ziwa Bangweulu, aliandika ya kuwa chemchemi za Nili ziko kati ya digrii 10 na 12 kusini, karibu na pale alipoziweka Ptolemaios. Mwaka 1871 akafika Nyangwe, penye mto wetu huu, akakosa mitumbwi ya kuuteremka. Alirudi kusini kutafuta chemchemi, akafa kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, mwaka 1873.

Mwaka uliofuata Cameron alipima kimo cha mto pale Nyangwe, akaona u chini kuliko Nili pale Gondokoro. Na maji hayapandi mlima! Mwaka 1877 Stanley akapita maporomoko ya Wagenya, akauona mto ukigeukia magharibi, na mwezi wa Agosti akafika Boma.

Na ile milima ya theluji? Ipo. Stanley aliiona mwaka 1888: ni Ruwenzori, mpakani mwa Kongo na Uganda, na maji yake huingia Nili kweli. Wengi wadhani ndiyo iliyosikika pwani zamani. Ila iko karibu juu ya ikweta yenyewe, kilometa 1,400 hivi kaskazini ya pale kitabu kilipoiweka.