Bega la Mwenye Kiti cha Magurudumu

Wengi wetu tukiambiwa tusome historia, hudhani kwamba tutasoma habari za wafalme, vita na mikataba. Walakini vyombo tuvitumiavyo vina historia, na kazi za viungo vya mwili wetu nazo zina historia yake. Katika kurasa hizi nakualika, msomaji, tufuatane kuitazama historia ya chombo kimoja na kiungo kimoja: kiti cha magurudumu, na bega la mtu akiendeshaye kwa mikono yake.

Natuanze hapa nyumbani. Amalemba ni mtaa wa mji wa Kakamega, na mji huu umejengwa juu, kiasi cha meta 1,500 kutoka usawa wa bahari, katika nchi ya mvua nyingi. Njia zake hupanda na kushuka. Na palipo na udongo mtupu, mvua ikinyesha pawa tope. Mwenye miguu mizima hukunja suruali, akaruka mtaro, akaenda zake. Mwenye kiti hana cha kurukia. Kila hatua ya mwinuko huilipa kwa mabega yake. Swali letu basi ni hili: malipo hayo ni kiasi gani, na watu walipata kuyajuaje?

Zamani mtu asiyeweza kutembea alibebwa. Kule Nuremberg, nchini Ujerumani, alikuwako fundi wa saa kijana jina lake Stephan Farffler, ambaye miguu yake haikufanya kazi. Mwaka wa 1655 alijitengenezea kigari cha magurudumu matatu, akakiendesha mwenyewe kwa kuzungusha mpini kwa mikono. Hapo ndipo twaona wazo kubwa: mikono kuchukua kazi ya miguu.

Kiti tukijuacho sisi kilitokea Marekani. Herbert Everest alikuwa mhandisi wa migodi aliyeumia mgongo katika ajali ya mgodini mwaka wa 1918. Sisi wa Kakamega, ambao nchi yetu iliingiliwa na wachimba dhahabu katika miaka ya 1930, twazifahamu hatari za mashimo hayo. Everest alichoka na viti vizito vya mbao visivyoweza kuingia katika motokaa. Akashauriana na rafiki yake Harry Jennings, naye alikuwa mhandisi, wakaunda kiti cha mabomba ya chuma kinachokunjika. Mwaka wa 1937 walipewa hati ya uvumbuzi, na kiti chao kikaenea duniani. Kilikuwa kiti chema, lakini kilikuwa kizito, na vipimo vyake havikumfuata mtu. Mtu ndiye aliyelazimika kuvifuata.

Wakati huo hakuna aliyeyafikiria mabega, na sababu yake ni ya kusikitisha: watu waliovunjika uti wa mgongo hawakuishi muda mrefu. Wengi walikufa upesi kwa vidonda vya kulalia na kwa maradhi ya figo. Mambo yaligeuka mwaka wa 1944, Daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyekimbia Ujerumani mwaka wa 1939, alipofungua wodi yake katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Aliagiza wagonjwa wageuzwe usiku na mchana, kisha akawataka wafanye kazi na kucheza. Tarehe 29 Julai, 1948, siku ile ile Michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa London, watu 16 wenye viti walishindana kwa mishale katika uwanja wa hospitali hiyo. Mwaka wa 1960 kule Roma walikuwa wachezaji wapatao 400 kutoka nchi 23.

Basi watu wakaishi, wakazeeka wakiwa katika viti vyao. Ndipo shida nyingine ilipojitokeza. Mwaka wa 1979 matabibu wa Uingereza waliwauliza watu waliopooza kwa kuumia uti wa mgongo habari za mabega yao, na zaidi ya nusu ya waliojibu walisema yanauma. Mwaka wa 1987 madaktari wa Marekani waliwachunguza watu 94 waliopooza miguu, wakakuta 31 kati yao wana maumivu ya bega wanapojiinua kutoka kitandani kuingia kitini.

Kwa nini bega? Tazama maumbile. Kwenye nyonga, kichwa cha mfupa wa paja kimezama ndani ya kikombe kirefu, kwa kuwa nyonga imeumbwa ichukue uzito wa mwili. Bega sivyo. Kichwa cha mfupa wa mkono kimekaa juu ya kisahani kidogo kama mpira uliowekwa juu ya kifuniko cha chupa, nacho hushikiliwa na misuli minne na kano zake. Ndiyo sababu twaweza kuuzungusha mkono pande zote, tukatupa jiwe au kuchuma embe. Lakini juu ya kano hizo pana paa la mfupa. Mtu akisukuma gurudumu kwa nguvu, au akijiinua kwa mikono, mfupa wa mkono husukumwa juu na kano hubanwa kati ya mifupa miwili. Kubanwa mara moja si kitu. Lakini tuseme mtu asukuma mara 2,000 kwa siku: kwa mwaka zatimia mara 730,000. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki ni cha maumivu.

Sasa fanya hesabu nyingine, ewe mwanafunzi wa fizikia. Mtu ana kilo 60 na kiti chake kilo 20; jumla kilo 80. Katika mteremko unaopanda meta 1 kwa kila meta 12 za njia, uzito unaomvuta kurudi nyuma ni kama sehemu moja ya kumi na mbili, yaani karibu kilo 7. Tena mikono haishiki gurudumu wakati wote. Huachia ili irudi kushika upya. Kwa hiyo katika kila msukumo nguvu itakiwayo huzidi kiasi hicho. Ongeza tope, nawe utafahamu ninachosema kuhusu mitaa yetu.

Waliopima nguvu hizo kwa makini ni pamoja na Rory Cooper na Michael Boninger wa Pittsburgh, Marekani. Cooper mwenyewe hutumia kiti tangu aumie mwaka wa 1980 alipokuwa askari. Walitumia gurudumu lenye vipimio ndani yake, likaandika kila msukumo wa mkono. Matokeo ya kazi hiyo, pamoja na ya wengine, yaliingizwa katika mwongozo wa matabibu uliotolewa Marekani mwaka wa 2005. Mafunzo yake ni mepesi kueleza: kiti kiwe chepesi kadiri iwezekanavyo, ekseli ya magurudumu makubwa isogezwe mbele, ili uzito uyaelemee hayo badala ya magurudumu madogo, na mkono uifikie sehemu kubwa ya pete, misukumo iwe mirefu na ya taratibu, na mkono unaporudi ushuke chini ya pete. Lakini ekseli ikisogezwa mbele mno, kiti hupinduka nyuma kwa urahisi, hasa mlimani. Kwa hiyo kila mtu sharti apimiwe kiti chake, kama vile apimiwavyo viatu.

Huku kwetu polio ndiyo iliyowapeleka wengi katika viti. Anne Wafula Strike alizaliwa mwaka wa 1969 katika nchi ya Bungoma, jirani zetu, akapatwa na ugonjwa huo angali mtoto mdogo. Alisoma, akawa mwalimu Machakos, na mwaka wa 2004 aliiwakilisha Kenya kule Athens katika mbio za viti. Mabega yale yale ambayo ulimwengu uliyatwika mzigo yalimfikisha huko. Nacho chama kijulikanacho kwa herufi APDK, kilichoanzishwa mwaka wa 1958, hutengeneza viti humu nchini. Katiba yetu ya mwaka wa 2010, kifungu cha 54, imempa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika kwa njia ifaayo mahali pote.

Je, haki hiyo imefika Amalemba? Chukua kamba na rula, msomaji, upime mteremko wa mlango wa shule yako, wa zahanati na wa afisi ya chifu. Ukiona ngazi tupu, andika. Ukimwona mtu akipanda mlima katika kiti, muulize kwanza kama ataka kusaidiwa, wala usikishike kiti chake bila idhini, maana kwake ni kama kushikwa mwili. Baadhi yenu mtakuwa mafundi, wahandisi wa barabara na madiwani wa kaunti. Siku mtakapochora njia au mlango, kumbukeni kwamba kila mwinuko mtakaouacha kuna mtu atakayeulipa kwa bega lake, naye bega jingine hatalipata.