Kalamu ya Mofini: Historia Fupi ya Mafunzo ya Tiba Shufaa

"Mrudisheni nyumbani." Familia nyingi za Afrika Mashariki zimeyasikia maneno hayo kwenye korido ya hospitali, kutoka kwa daktari ambaye mguu mmoja tayari umeelekea wodi nyingine. Si kwamba daktari huyo hana huruma. Hakufundishwa. Miaka yote ya chuo alisomeshwa kuponya, na uponyaji ulipogonga ukuta, somo nalo likaishia hapo. Elimu ya kumhudumia mgonjwa asiyepona ni changa kuliko wengi wanavyodhani, na katika historia yake madaktari hawakuwatangulia wauguzi. Waliwafuata.

Cicely Saunders, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1918, alianza kama muuguzi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mgongo ukamsumbua, akaacha uuguzi na kuwa afisa ustawi wa jamii hospitalini. Huko alikutana na David Tasma, Myahudi kutoka Poland, aliyekuwa akifa kwa saratani jijini London bila ndugu wa karibu. Wakazungumza juu ya nyumba ambayo watu kama yeye wangeweza kufia kwa utulivu, na Tasma alipofariki mwaka 1948 alimwachia Saunders pauni 500 ziwe dirisha la nyumba hiyo. Nyumba yenyewe ilichukua miaka 19 kujengwa.

Katikati ya miaka hiyo kuna kisa ambacho waandishi wengi hukipita haraka. Saunders alikuwa akijitolea katika nyumba ya St Luke's, mtaa wa Bayswater, ambako wagonjwa walinyweshwa mofini kila baada ya saa nne bila kungoja maumivu yarudi. Hospitali kubwa zilikuwa na desturi nyingine: mgonjwa asubiri mpaka azidiwe, aombe, ndipo achomwe sindano. Tofauti ya mbinu hizo mbili ni saa ya ukutani tu. Lakini mgonjwa anayejua kwamba dawa inakuja haishi kwa hofu, na asiyeishi kwa hofu hahitaji kuongezewa dozi kila mara. Jambo hilo lilikuwa likifanyika kimyakimya mikononi mwa wauguzi kabla profesa yeyote hajaliandikia kitabu.

Daktari wa upasuaji Norman Barrett ndiye aliyemshauri Saunders akasome udaktari. Sababu zake zilikuwa chungu: muuguzi hangesikilizwa, na waliokuwa wakiwakimbia wanaokufa ni madaktari wenyewe. Akahitimu mwaka 1957, akikaribia miaka 40. Kuanzia mwaka 1958 alifanya kazi katika hospisi ya watawa ya St Joseph's, Hackney, akiweka kumbukumbu za mgonjwa mmoja mmoja. Mwaka 1967 akafungua St Christopher's, kusini mwa London, ambako tangu siku za mwanzo tiba, utafiti na ufundishaji vilikaa chini ya paa moja. Madaktari kutoka nchi mbalimbali wakaanza kwenda kujifunza. Somo la kwanza lilikuwa kwamba maumivu ya mtu anayekufa hayakai mwilini peke yake. Yamo pia katika deni la ada ya shule, ugomvi wa ndugu na hofu ya kaburi.

Kati ya tafiti zilizofanyika pale, mmoja unatuhusu sisi moja kwa moja. Uingereza ilizoea kuwapa wagonjwa hawa heroini, dawa iliyokuwa marufuku katika nchi nyingi. Daktari Robert Twycross, aliyejiunga na hospisi hiyo mwaka 1971, aliilinganisha heroini na mofini na kuonyesha kwamba kwa njia ya mdomo mofini haipitwi na heroini. Bila matokeo hayo, tiba hii ingebaki ya Waingereza. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa ngazi tatu za kutuliza maumivu ya saratani, na juu ya ngazi hiyo ikakaa mofini ya kunywa.

Jina nalo lina hadithi yake. Balfour Mount, daktari wa upasuaji wa Kanada, alirudi Montreal kutoka St Christopher's akitaka kuanzisha wodi kama ile. Kikwazo kilikuwa lugha: kwa wasemaji wa Kifaransa, hospisi ilikumbusha makazi ya mafukara. Akachagua jina jingine, palliative care, lenye asili ya neno la Kilatini la joho la kujifunika, na wodi yake ikafunguliwa mwaka 1975. Kiswahili hakikuazima joho hilo. Kilichukua shufaa, yaani kumwombea mtu mbele ya mwenye uwezo. Napendelea letu. Joho hufunika, lakini mwombezi hubaki amesimama kando ya mtu wake.

Ubingwa rasmi ulikuja kwa mwendo wa kobe. Uingereza iliitambua tiba shufaa kuwa fani ya madaktari bingwa mwaka 1987, miaka 20 baada ya St Christopher's. Marekani ilisubiri hadi 2006, ambapo bodi 10 za ubingwa, kuanzia magonjwa ya ndani na watoto hadi upasuaji na uzazi, zilikubaliana kuidhamini kwa pamoja. Mtihani wa kwanza ulifanyika mwaka 2008. Waliokuwa na uzoefu wa kazi waliruhusiwa kuufanya hadi 2012; tangu hapo, hakuna njia ila mwaka mzima wa mafunzo katika programu iliyoidhinishwa. Ni utaratibu mzuri kwa nchi yenye madaktari wa kutosha.

Kwetu mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Zimbabwe ilikuwa na hospisi tangu 1979, na Nairobi Hospice ilianza kazi mwaka 1990 katika eneo la Hospitali ya Kenyatta. Daktari wake wa mwanzo, Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool, alikuwa ameshafanya kazi Nigeria na Singapore. Mwaka 1993 alihamia Kampala akiwa na fedha za kuendesha kikundi cha watu watatu kwa miezi mitatu. Alikaribishwa katika hospitali ya Nsambya, kisha hospisi aliyoianzisha, Hospice Africa Uganda, ikahamia Makindye. Haikuwa na vitanda vya kulaza. Wahudumu walipanda gari wakamfuata mgonjwa kwake, wakiwa na chupa za mofini iliyochanganywa na maji na kutiwa rangi: kijani kwa ile hafifu, nyekundu kwa kali zaidi, ili hata bibi asiyejua kusoma asikosee.

Wanafunzi wa udaktari wa Makerere walipelekwa kujifunza huko. Lakini daktari alikuwa mjini, na mgonjwa alikuwa kijijini. Mwaka 2004 Uganda ikafanya jambo ambalo halikuwa limefanywa popote barani Afrika: ikawaruhusu kisheria wauguzi na matabibu waliosoma kozi ya miezi tisa kuandika mofini. Kalamu ambayo Saunders alilazimika kuisomea udaktari ili aishike, muuguzi wa Uganda aliishika akiwa muuguzi.

Mwaka huohuo, mjini Arusha, ukazinduliwa rasmi umoja wa tiba shufaa wa Afrika. Chuo Kikuu cha Cape Town kilikuwa tayari kikiwafundisha madaktari fani hii kwa ngazi ya uzamili. Nchini Tanzania huduma iliegemea taasisi ya saratani ya Ocean Road na hospitali ya Selian. Rwanda ikatoa sera yake mwaka 2011.

Tunawahitaji mabingwa, nani atabisha? Lazima awepo wa kufundisha na wa kupokea kesi ngumu. Hata hivyo nchi itakayowafungia mofini mabingwa peke yao itakuwa imejenga ukuta, si chuo. Tena mofini yenyewe haijafika. Tume ya jarida la Lancet ilihesabu mwaka 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya afyuni, kwa kipimo cha mofini, zilizokuwa zikisambazwa duniani kila mwaka, nchi za kipato cha chini zilipata tani 0.1. Hiyo ni kilo 100, gunia moja la mahindi.