Hanuka: Sikukuu ya Taa na Asili Yake

Miongoni mwa sikukuu za Mayahudi iko moja ambayo haimo katika Taurati. Nayo ni Hanuka, yaani uzinduzi.

Mwaka 167 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.), Antiochus wa Nne, mfalme wa Kiyunani aliyetawala Shamu, aliwakataza Mayahudi kutahiri na kushika Sabato, na hekalu la Baitul Maqdis likatiwa ibada ya Zeus. Mzee Mattathias wa kijiji cha Modiin akaasi pamoja na wanawe. Mwanawe Yuda Makabayo akalitwaa hekalu na kulitakasa tarehe 25 Kislev, mwaka 164.

Kitabu cha Kwanza cha Makabayo chataja siku nane za furaha na dhabihu, lakini hakina habari ya muujiza wa mafuta. Kisa cha mafuta ya siku moja yaliyowaka siku nane kimo katika Talmudi ya Babeli, iliyokusanywa karne nyingi baadaye. Aliyezoea elimu ya isnadi ataliona pengo hilo.

Wanavyuoni wao pia walihitilafiana. Wafuasi wa Shammai walisema ziwashwe taa nane usiku wa kwanza, kisha zipunguzwe. Wafuasi wa Hillel wakasema ianze moja ziongezeke, kwani katika utakatifu hupandwa wala hakushukwi. Kauli hii ndiyo iliyoshika. Tena wakaulizana: mtu anapowasha husema Mungu ametuamrisha, ametuamrisha wapi? Wakajibu kwamba Taurati imeamrisha kuwatii waamuzi. Mwanafunzi wa usuli hatalionea ugeni swali hilo.

Mwanga wa taa hizo hautumiwi kwa kazi, ndiyo maana huongezwa taa moja ya kuwashia. Vyakula hukaangwa kwa mafuta. Mayahudi wa Maghribi hupika sfenji, jina litokalo katika Kiarabu isfanji, sifongo. Na sikukuu haihami majira kama Ramadhani yetu, kwa kuwa wao huongeza mwezi mara saba katika miaka 19. Sisi nasii imekatazwa katika Suratut Tawba.

Al-Biruni aliitaja Hanuka na taa zake katika al-Athar al-Baqiya. Naye Musa bin Maymun, tabibu wa Misri aliyefariki mwaka 1204, aliandika kwamba hata maskini anayekula kwa sadaka aombe au auze nguo yake, apate mafuta ya kuwashia.